Kwa Nini Makumbusho ya Miji ya Uingereza Hukaa Ghorofani

Ukiuliza njia ya kwenda makumbusho katika mji mdogo wa Uingereza, mara nyingi utaelekezwa kwenye jengo lililosimama peke yake katikati ya soko. Chini ni matao yaliyo wazi au yaliyozibwa kwa vioo. Juu ni ukumbi mmoja mrefu, na mahali fulani nyuma au chini ya ardhi kuna vyumba vidogo vyenye milango minene ya mwaloni. Jengo hilo halikujengwa kwa ajili ya makumbusho. Lilijengwa ili mji ujitawale: chini watu wauze nafaka na siagi na kulipa ushuru, juu madiwani wakutane na hakimu ahukumu, na mshtakiwa afungwe papo hapo akisubiri zamu yake.

Soko, baraza na mahabusu: mpangilio huo wa sehemu tatu ndio unaoeleza sehemu kubwa ya matatizo ya makumbusho haya, na uzuri wake pia. Anayetaka kujua kwa nini jumba moja linastawi na jingine lenye vitu vizuri vilevile limefungwa, na aanze na jengo, kisha sheria, kisha pesa. Uingereza tunayoizungumzia hapa ni England peke yake. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina taratibu zao.

Majengo yalivyopatikana, na yalivyoachwa

Yale ya kale zaidi yalianza kama nyumba za gildi, yaani vyama vya udugu vya wafanyabiashara na mafundi ambavyo pia vilikuwa vya ibada: wanachama walichangiana mazishi, wakawalipa mapadri wawaombee marehemu, wakala karamu pamoja. Leicester Guildhall ilijengwa karibu mwaka 1390 kwa ajili ya gildi ya Corpus Christi, kwa fremu ya mbao za mwaloni ambayo mgeni anaiona hadi leo akiinua macho. Serikali ya Mfalme Edward VI ilipozifuta gildi za kidini mwaka 1547, mali zao zikawa za Taji, yaani za mfalme, na miji mingi ikayanunua majengo hayo kwa matumizi ya baraza. Leicester ililinunua lake mwaka 1563, ingawa madiwani walikuwa wakikutana humo tangu zamani.

Aina ya pili ni ukumbi uliojengwa na mji wenyewe au na bwana wa eneo, juu ya nguzo. Abingdon, uliokuwa makao makuu ya Berkshire, ulijengewa County Hall kati ya 1678 na 1682: chini soko la wazi, juu ukumbi wa mahakama wenye madirisha marefu kiasi kwamba jengo linaonekana kubwa kuliko mji wake. Windsor Guildhall ni ya mwisho wa karne hiyohiyo, na nguzo zake za katikati haziigusi dari. Masimulizi ya mji yanadai kwamba msanifu majengo Christopher Wren alilazimishwa na madiwani waoga kuongeza nguzo hizo, naye akaacha upenyo kuwaonyesha kuwa hazikuhitajika. Masimulizi hayo yachukuliwe kama masimulizi. Upenyo upo kweli.

Kuachwa kwa majengo kulikuja kwa mawimbi. Sheria ya serikali za miji ya 1835 iliyapanga upya mabaraza ya miji 178, ikaleta madiwani waliochaguliwa na ikadai mji uwe na polisi. Ndiyo maana vyumba vya mahabusu vilivyomo Leicester Guildhall ni vya zama za polisi wa 1836, si vya zama za gildi, jambo ambalo wageni wengi hulikosea. Kisha viwanda vikaijaza miji watu, karani mmoja na chumba kimoja havikutosha tena, na Leicester ikahamia jengo jipya mwaka 1876. Sheria ya 1883 ikazimaliza halmashauri ndogo zilizobaki nje ya mageuzi. Mahakama za mzunguko zilizoyapa uhai majumba ya aina ya Abingdon zilifutwa rasmi mwanzoni mwa 1972, na tarehe 1 Aprili 1974 mamia ya mabaraza ya miji yakaunganishwa katika wilaya kubwa. Siku hiyo ukumbi wenye viti vya madiwani na picha za mameya ulibaki bila baraza. Mwaka 2010 serikali ikatangaza kufunga mahakama za mahakimu 93 na za kaunti 49, na majengo mengine yakaingia sokoni.

Si kila mji ulimwondoa mwenyeji wa zamani. Katika Moot Hall ya Aldeburgh, jengo la mbao la karne ya 16, baraza la mji bado hukutana chini ya paa moja na makumbusho. Zamani jengo hilo lilikuwa katikati ya mji. Bahari imekula mitaa iliyokuwa mbele yake, na leo linasimama karibu ufukweni. Huwezi kutengeneza maonyesho yanayoeleza mmomonyoko wa pwani vizuri kuliko mahali lilipo jengo lenyewe.

Neno moja la sheria

Hapa ndipo penye fundo. Sheria ya maktaba na makumbusho ya umma ya mwaka 1964 ina vifungu viwili vinavyofanana kwa mbali na kutofautiana kabisa kwa karibu. Kifungu cha 7 kinasema mamlaka husika ina wajibu wa kutoa huduma ya maktaba iliyo kamili na yenye ufanisi. Kifungu cha 12 kinasema mamlaka ya mtaa inaweza kuanzisha na kuendesha makumbusho. Inaweza, hailazimiki. Bajeti inapokatwa, wanasheria wa halmashauri hutenga kwanza huduma za lazima, kama kulea watoto walio hatarini, kuwahudumia wazee na kukusanya taka, na makumbusho hubaki katika fungu la hiari pamoja na maua ya bustani. Tunaona kosa kubwa liko hapo, kwa sababu jengo lenyewe halina hiari. Limeorodheshwa kisheria kama jengo la urithi, na mwenye nalo anaweza kuamriwa alitengeneze, liwe na makumbusho ndani au lisiwe nayo.

Majengo yaliyoorodheshwa yamegawanywa katika madaraja matatu: I, II* na II. Zaidi ya asilimia 90 yako daraja la II. Kumbi nyingi tunazozitaja hapa ziko la I au la II*. Kuorodheshwa kunahusu ndani na nje pia. Kuondoa benchi la madiwani, kutoboa sakafu, kuziba tao kwa kioo, vyote vinahitaji kibali cha jengo lililoorodheshwa kutoka mamlaka ya mipango, na kwa madaraja mawili ya juu Historic England, shirika la umma linaloishauri serikali kuhusu urithi, hushauriwa. Kufanya kazi ya aina hiyo bila kibali ni kosa la jinai chini ya sheria ya 1990. Mkandarasi na mwenye jengo wote wanaweza kushtakiwa.

Umiliki nao umekaa kwa matabaka. County Hall ya Abingdon iko chini ya taasisi ya hisani ya English Heritage huku makumbusho yakiendeshwa na baraza la mji. Kwingine, wilaya inamiliki kuta, kaunti inamiliki nyaraka, na chama cha historia cha mji kinamiliki nusu ya vitu vilivyomo kwa sababu kilivikusanya kabla halmashauri haijaamka. Siku ya kukabidhi jengo kwa taasisi ya hisani ndipo watu wanagundua hakuna karatasi inayoonyesha kitu kipi ni cha nani. Kazi ya kwanza, kabla ya mchoro wowote wa msanifu, ni orodha ya vitu ikilinganishwa na daftari za mapokezi, na mahali ambapo mwenyewe hajulikani paandikwe hivyo.

Mkataba wa pango ndio unaofuata, na ndio unaozamisha taasisi nyingi changa. Halmashauri ikikodisha jengo kwa zaidi ya miaka saba, sheria ya serikali za mitaa ya 1972 inaitaka ipate bei bora inayopatikana; lakini idhini ya jumla ya mwaka 2003 inairuhusu kukubali pungufu hadi pauni milioni 2 ikiwa hatua hiyo inaleta manufaa ya kiuchumi, kijamii au kimazingira kwa eneo. Kwa njia hiyo watu wa kujitolea hupewa jumba la karne ya 17 kwa kodi ya jina tu, wakashangilia, bila kusoma kifungu kinachowatwika matengenezo yote na bima yote. Kodi ya pauni moja kwa mwaka si zawadi ikiwa paa la madini ya risasi linafikia mwisho wa umri wake. Taasisi yenye busara hudai mambo mawili kabla ya kutia sahihi: ripoti ya hali ya jengo iliyoandaliwa na mtaalamu wa majengo ya kale, na mgawanyo unaomwachia mwenye jengo paa, kuta za nje na misingi, huku mpangaji akibeba ndani.

Jengo linataka kupumua, vitu vinataka utulivu

Ukuta wa fremu ya mwaloni uliojazwa fito na udongo, au wa mawe yaliyofungwa kwa chokaa, hunywa unyevu mvua inaponyesha na kuutoa hewa ikikauka. Mafundi wa karne ya 20 walipoziba nyufa kwa saruji na kupaka rangi za plastiki, maji yalikosa njia ya kutokea. Yakabaki ndani ya mbao, na mbao zenye unyevu huwaita karamuni kuvu na wadudu wanaotoboa mwaloni. Hivyo kazi ya kwanza ya ukarabati mara nyingi ni kung'oa saruji kwa patasi taratibu na kurudisha chokaa. Chokaa haina haraka. Plasta yake, pamoja na zege lolote jipya la sakafu, itaendelea kutoa maji hewani kwa miezi, na kosa linalorudiwa mno ni kuweka vitu kwenye makabati wiki chache baada ya mafundi kuondoka kwa kuwa tarehe ya uzinduzi imeshatangazwa. Ukungu huota mahali penye unyevu wa zaidi ya asilimia 65 kwa muda mrefu. Jalada la ngozi la daftari la meya litauonyesha kwanza.

Kinyume chake ni kipasha joto. Hewa ya nje wakati wa baridi, ikiwa na nyuzi 0 na unyevu wa asilimia 90, ukiiingiza ndani na kuipasha hadi nyuzi 20, unyevu wake unashuka hadi karibu asilimia 24. Maji hayajaondoka, ila hewa ya joto ina uwezo wa kubeba mengi zaidi. Kwa ukavu huo paneli za mbao hupasuka, na hati ya kifalme iliyoandikwa juu ya ngozi ya mnyama hujikunja hadi muhuri wake wa nta unavunjika. Hewa hiyohiyo ukiipasha hadi nyuzi 5 tu, unyevu unakuwa karibu asilimia 63. Ndiyo siri ya kupasha joto kwa kufuata unyevu badala ya kufuata kipimajoto: kifaa kinawashwa unyevu ukipanda na kuzimwa ukishuka, na chumba hubaki nyuzi chache tu juu ya nje. Vitu vinafurahi, wageni wanatetemeka. Hapo unaelewa kwa nini makumbusho mengi ya aina hii hufunguliwa kuanzia Pasaka hadi Oktoba.

Wanaotaka kufungua mwaka mzima hawapigani na chumba kizima. Hutenga vitu dhaifu katika makabati yanayobana hewa, kila moja likiwa na droo ya chembechembe za silika zinazonyonya na kutoa unyevu. Droo ifunguke bila kugusa vitu, la sivyo hakuna atakayebadilisha silika hiyo kwa wakati.

Kuna sumu nyingine isiyoonekana, na katika majengo haya ni ya kawaida kwa sababu ya utajiri wa mji wenyewe. Mwaloni hutoa mvuke wa asidi, ule ulio kwenye siki. Mvuke huo hula risasi na kuiacha unga mweupe. Sasa fikiria hazina ya mji wa kale: mawe ya mizani ya risasi, mihuri ya risasi ya vitambaa, nishani za mahujaji. Ukiviweka ndani ya kabati la heshima la mwaloni, umeviweka kaburini. Mbao za vumbi la miti lililoshikanishwa kwa gundi hazina nafuu. Na rungu la fedha linalobebwa mbele ya meya likilazwa juu ya kitambaa cha sufu hugeuka jeusi, kwa kuwa sufu hutoa salfa. Dawa ni kabati la chuma na kioo, kitambaa cha pamba isiyo na rangi ya kutoka, na kupima mapema: kipande kidogo cha fedha, cha risasi na cha shaba hufungiwa na sampuli ya kitambaa au mbao katika chupa yenye maji kidogo, kwenye joto la nyuzi 60 kwa siku 28. Kipande kikibadilika rangi, nyenzo hiyo isitumike.

Madirisha marefu ya mahakama yalitengenezwa ili karani aone kuandika. Karatasi, rangi za maji na vitambaa havitakiwi kupata zaidi ya luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), michoro ya mafuta 200. Siku ya jua kando ya dirisha hupita maelfu. Filamu ya kuzuia mionzi ya urujuanimno hubandikwa kwenye vioo, lakini si kwenye kioo cha kale kilichopulizwa kwa mdomo, maana kuibandua baadaye kunaweza kukivunja. Hapo tumia mapazia ya kuviringisha, na bendera ya kikosi ipelekwe chumba kisicho na dirisha. Mahabusu hufaa.

Sare za mameya, zenye manyoya na sufu, huita nondo wa nguo. Kila vazi linaloingia hufungwa kwenye plastiki na kugandishwa kwa nyuzi 30 chini ya sifuri kwa siku tatu, au nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, likaachwa lirudi joto la chumba kabla ya kufunguliwa. Kulifungua mapema kunaleta maji juu ya kitambaa.

Ngazi, lifti na sakafu

Turudi ghorofani. Sheria ya usawa ya 2010 inamtaka mtoa huduma afanye marekebisho ya kuridhisha ili mtu mwenye ulemavu asitengwe. Sheria ya uhifadhi inakataza kukata boriti bila kibali. Mvutano huu haumalizwi na sheria, unamalizwa na mchoro. Jibu la kawaida ni kuiweka lifti nje ya fremu ya kale, katika kiambatisho kipya nyuma, ikiingia ghorofani kupitia dirisha au ukuta ambao ulishabadilishwa katika karne ya 19. Sanduku la lifti linalomtosha mtu wa kiti cha magurudumu na msaidizi lina upana wa mita 1.1 na kina cha mita 1.4, ongeza nafasi ya ukuta na reli. Shimo la chini ndilo linalochelewesha, kwani katikati ya mji wa kale kila nusu mita ya udongo ni historia na mwanaakiolojia lazima achimbe kabla ya mkandarasi. Lifti ya jukwaa haihitaji shimo refu, ila hupanda si zaidi ya sentimita 15 kwa sekunde. Ghorofa ya mita nne ni karibu nusu dakika, na kundi la wanafunzi lenye viti vitatu vya magurudumu litasubiri.

Ukumbi wenye mlango mmoja tu wa kutokea hauruhusiwi kuwa na zaidi ya watu 60 kwa mwongozo wa usalama wa moto. Idadi hiyo ndiyo inayoamua kama shule italeta darasa mbili au moja, kama harusi zinawezekana, na kwa hiyo kama hesabu za mapato zinasimama. Windsor Guildhall inaonyesha makumbusho na harusi zikishirikiana jengo moja: makumbusho ya mji yalifunguliwa humo mwaka 2011, huku jengo likiendelea kufungishiwa ndoa, ikiwemo ile ya Charles na Camilla ya 2005.

Sakafu ya makumbusho hutakiwa kubeba takriban kilo 400 kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya mbao ya karne ya 17 huenda inabeba vizuri zaidi ya hapo katikati ya boriti moja na vibaya sana mahali fundi bomba alipokata mbao kupitisha mfereji mwaka wa 1950. Mhandisi apime kila boriti. Abingdon walitaka ghorofani gari la mwisho la MGB lililotoka kiwanda cha mji huo mwaka 1980, mzigo wa karibu tani moja. Liliinuliwa kwa winchi na kuingizwa kupitia dirisha la ukumbi wa mahakama. Gari limekaa pale lilipotengenezewa watu wake ajira, na hilo lilistahili usumbufu wote.

Chumba cha mahakama ndicho kigumu kukipangia matumizi, kwa sababu samani zake zimejengwa pamoja na jengo. Kizimba, kiti cha hakimu na benchi la mawakili haviondolewi. Dorchester waliyaacha yaseme yenyewe: katika Shire Hall ya 1797 ndimo vibarua sita wa mashambani kutoka Tolpuddle walipohukumiwa mwaka 1834 kupelekwa uhamishoni miaka saba kwa kula kiapo cha chama chao cha wafanyakazi, na tangu 2018 mgeni hupanda kutoka mahabusu hadi kizimbani kwa ngazi zilezile. St Albans walichagua njia nyingine. Ukumbi wao wa 1831 ulifunguliwa upya 2018 kama makumbusho, mahakama ikawa mkahawa na kizimba kikabaki, huku maonyesho makubwa yakipewa nafasi mpya chini ya ardhi ambako hali ya hewa inadhibitika. Kuna wanaoona kahawa kizimbani ni kukosa heshima. Sisi tunaona mkahawa ulilinda samani ambazo kabati za maonyesho zingezificha.

Pesa, na kile kisichouzwa

Mradi wa St Albans uligharimu takriban pauni milioni 7.75, milioni 2.8 kati ya hizo zikitoka mfuko wa urithi wa bahati nasibu ya taifa. Mfuko huo hutoa ruzuku za pauni 10,000 hadi 250,000 kwa ombi moja. Zaidi ya hapo, hadi milioni 10, ombi hupita hatua mbili, ya kuandaa na ya kutekeleza, na mwombaji huchangia asilimia 5, au 10 ruzuku ikivuka milioni 1. Wanaopanga bajeti husahau kodi ya ongezeko la thamani. Hadi Septemba 2012 mabadiliko yaliyoidhinishwa kwenye baadhi ya majengo yaliyoorodheshwa, kama makazi na yale yanayotumiwa kwa hisani tu, hayakutozwa kabisa. Tangu Oktoba mwaka huo ni asilimia 20 nzima. Makumbusho yasiyotoza kiingilio yanaweza kuingizwa katika mpango wa serikali wa kurudishiwa kodi hiyo, na kwa mradi wa mamilioni, uamuzi wa kutoza pauni tano mlangoni unaweza kugharimu zaidi ya unachoingiza.

Ruzuku hujenga, haiwashi taa mwaka wa sita. Hapo ndipo kishawishi cha kuuza hujitokeza. Northampton waliuza kwa mnada mwaka 2014 sanamu ya Misri ya Sekhemka kwa pauni milioni 15.76, zikiwemo za kugharimia upanuzi wa makumbusho. Baraza la sanaa likawaondolea ithibati, na bila ithibati milango ya ruzuku nyingi na mikopo ya vitu kutoka makumbusho mengine hufungwa. Sanamu haikuwa ya historia ya mji, hoja hiyo ilitolewa. Lakini mtoaji zawadi anayefuata hutazama yaliyompata aliyetangulia.

Mahali pa kuweka akiba kwanza ni paa. Mifereji ya risasi iliyo nyuma ya kuta za mapambo haionekani kutoka chini, na jani moja la mkuyu likiziba mdomo wa bomba, maji hupanda juu ya ukingo na kushuka ndani ya ncha za boriti, mahali ambapo fremu yote imeegemea. Isafishwe mara mbili kwa mwaka, majani yakiisha kuanguka na tena masika, na mara ya tatu kama kuna njiwa. Mkataba useme nani anapanda, kwa ngazi ya nani na kwa bima ya nani, na ufunguo wa mlango wa paa uwe na nakala inayokaa ndani ya jengo.